Barua ya wazi: Jicho la mgonjwa mahututi halina mwenyewe

Kwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga, Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa, na waganga wafawidhi wote wa hospitali zenye chumba cha wagonjwa mahututi.

YAH: KUZUIA MADHARA YA MACHO KWA WAGONJWA WALIO KWENYE MASHINE ZA KUPUMULIA

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kwa miaka 11 sasa, katika hospitali mbili za hapa Tanzania. Sizitaji, kwa sababu jambo ninalolileta kwenu si la hospitali hizo peke yake, na sipendi barua hii iishie kwenye kutafuta mchawi. Naandika kwa ajili ya mgonjwa mmoja, na kwa ajili ya mstari mmoja ambao haumo kwenye karatasi zetu.

Mgonjwa huyo alikuwa fundi cherehani, kijana asiyefika miaka 30. Aliletwa usiku baada ya ajali ya bodaboda, fuvu limepasuka na damu imevia ndani ya kichwa. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule, akaletwa kwetu akiwa na mpira wa hewa kooni na dawa za usingizi zikiingia kwenye mshipa ili ubongo upumzike. Alikaa kwenye mashine siku 16. Tulimpigania. Homa ilipanda tukaishusha, nimonia ikamwingia tukaitibu. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na alipoamka hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni wala kisiginoni. Muuguzi yeyote anajua maana ya hilo. Tulijisikia fahari.

Siku ya pili baada ya kutolewa mpira, sauti yake bado inakwaruza, aliniambia, "Dada, naomba unifute jicho hili la kushoto. Lina ukungu." Nikachukua gozi, nikailowesha kwa maji ya chumvi ya hospitali, nikamfuta. Akapepesa. "Bado, dada." Nikafuta tena. Mara ya tatu nikawasha tochi, nikainama karibu, na pale chini ya mboni nikaona doa jeupe, dogo kama chembe ya chicha ya nazi iliyobaki kidoleni. Halikuwa kitu kilicho juu ya jicho kwamba kitafutika. Lilikuwa jicho lenyewe.

Kilikuwa kidonda. Daktari wa macho alipopatikana alimwanzishia matone ya kila saa, na kidonda kikapona. Lakini kidonda cha kioo cha jicho kikipona huacha kovu, na kovu halipitishi mwanga. Wazee wetu wanaliita chamba. Miezi minne baadaye kijana alikuja kliniki, akapita wodini kutusalimia. Nikamuuliza kazi inakwendaje. Akachomoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kola ya shati lake, akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akanionyesha. Uzi ulikwenda ukapita pembeni ya tundu. Akajaribu tena, ukapita upande wa pili. Mtu anayeona kwa jicho moja hupoteza kipimo cha karibu na mbali, na tundu la sindano halina huruma. Akaniambia siku hizi mpwa wake ndiye anayemtungia, akitoka shule.

Siku hiyo nilipomaliza zamu nililitafuta faili lake. Nilitaka kujua ni lini jicho lile lilianza kuharibika. Nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike.

Mgonjwa wa jeraha la kichwa tunamwangalia mboni kila saa. Unafungua kope kwa kidole gumba, unamulika, unaandika ukubwa wa mboni na kama inaitika mwanga. Kwenye chati yake kulikuwa na kurasa na kurasa za "3, zinaitika" kulia na kushoto, na nyingi ni kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ukihesabu kila saa kwa siku 16, unapata mara 384. Mara zote hizo jicho lile lilifunguliwa na mtu mwenye mafunzo, mwenye tochi mkononi, na hakuna mara hata moja lilipoandikwa kuwa lilikuwa kavu, au jekundu, au kwamba halikuwa limefumba kabla halijafunguliwa. Tulikuwa tunauliza habari za ubongo kupitia jicho. Jicho lenyewe hatukuliuliza hali.

Waheshimiwa, wengi wenu ni madaktari na mnayajua haya, ila barua hii itasomwa pia na ndugu wa wagonjwa, kwa hiyo niruhusuni niyaeleze. Kioo cha jicho ni utando mwembamba sana, kama nusu milimita tu katikati. Hakina mishipa ya damu, ndiyo maana kinapitisha mwanga. Oksijeni yake kinaipata hewani kupitia machozi, na machozi hayo yanasambazwa na kope kila tunapopepesa, kiasi cha mara 15 hivi kwa dakika, bila kufikiri. Tukilala, kope zinafumba, na kwa watu wengi jicho linajiviringisha juu likajificha. Hayo yote ni ulinzi, na dawa za usingizi pamoja na zile za kulegeza misuli zinauondoa wote kwa mara moja. Kope zinalegea, zinaacha upenyo. Hakuna kupepesa. Macho yakianza kuwasha, mgonjwa hawezi kusema wala kuinua mkono. Machozi yanakauka, ngozi ya juu ya kioo inachubuka, na pale palipochubuka ndipo vijidudu vinapoingilia.

Mambo mengine yanazidisha. Mashine inasukuma hewa kifuani kwa nguvu, maji ya dripu yanajaa mwilini, kamba ya kufungia mpira wa hewa imekazwa kuzunguka shingo, damu ya kichwani inashuka kwa shida. Basi uso unavimba, na ule utando unaofunika weupe wa jicho unavimba pia, unatokeza kati ya kope kama jeli, na kope haziwezi tena kukutana hata ungetaka. Mgonjwa aliyelazwa kifudifudi ili mapafu yafunguke, kama tulivyofanya sana wakati wa UVIKO-19, uzito wa kichwa unaweza kukandamiza jicho na presha ya ndani ya jicho inapanda. Waliokunywa sumu ya wadudu tunawapa atropini kuokoa maisha yao, na atropini hiyohiyo inakausha machozi. Na juu ya kitanda, feni inazunguka. Sisi wenyewe ndio tunaoielekeza kwa mgonjwa mwenye homa.

Kuna jambo jingine ambalo ni la mikono yetu. Tunaponyonya makohozi, mpira wa sakshen unatoka kooni ukiwa umebeba kila kilichomo kifuani, na mara nyingi kilichomo ni sudomonasi, kijidudu kinachopenda sana vyumba vyetu. Anayetumia mkono wa kulia, akiwa amesimama upande wa kichwa, mpira wake unapita juu ya jicho la kushoto la mgonjwa. Tangu miaka ya 1980 majarida ya kitabibu yamekwisha kuandika kwamba jicho la kushoto ndilo linaloambukizwa zaidi, kwa sababu hiyohiyo. Sudomonasi ikiingia kwenye kioo kilichochubuka inaweza kukitoboa ndani ya siku moja au mbili. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Jicho la fundi wangu lilikuwa la kushoto, na mimi natumia mkono wa kulia.

Tafiti za nchi mbalimbali zinatofautiana, lakini nyingi zinakuta kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa ICU, 20 hadi 42 wanapata michubuko ya kioo cha jicho kwa kukaa wazi. Kwa wengi ni michubuko midogo inayopona. Huanza mapema, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 7. Maana yake ni kwamba ukisubiri mgonjwa aamke akuambie, umechelewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kinga yake ni rahisi kuliko karibu kila kitu kingine tunachokifanya kwenye chumba kile. Uingereza, chuo cha kifalme cha madaktari wa macho pamoja na chama cha wataalamu wa wagonjwa mahututi walitoa mwongozo mwaka 2017, na kiini chake ni swali ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulijibu: kope zimefumba? Zikiwa zimefumba kabisa, endelea kuangalia. Ukiona weupe wa jicho tu, paka mafuta ya macho kila baada ya saa 4. Ukiona kioo chenyewe, ule mduara wa rangi, paka mafuta kisha fumba kope kwa plasta. Hatua tatu. Hazihitaji umeme wala daktari bingwa. Zinahitaji mtu ainame na kutazama, na awe na mafuta mfukoni.

Nasema mafuta, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Wodini kwetu mafuta ya macho tunayoyakuta kabatini ni ya tetrasaiklini. Hiyo ni dawa ya kuua vijidudu. Kumpaka kila mgonjwa kila siku kama kinga ni kuwafundisha vijidudu kuizoea, halafu siku ya maambukizi ya kweli tunabaki mikono mitupu. Kinachotakiwa ni mafuta ya kulainisha tu, yale mazito yenye parafini, yaliyotengenezwa kwa ajili ya jicho. Kwa miaka yote 11 nimeyaona wodini mara chache, na mara hizo yalinunuliwa na ndugu wa mgonjwa kwenye duka la dawa nje ya geti. Tafiti kadhaa zimeonyesha pia kwamba ile karatasi laini ya nailoni inayofunikiwa chakula jikoni, ikitandazwa juu ya jicho lililosafishwa, inatunza unyevu vizuri kama mafuta au hata kuzidi. Nailoni ya jikoni, Waheshimiwa.

Na yapo tunayoyafanya kwa nia njema yanayoumiza. Gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kuwekwa juu ya jicho lililo wazi inakauka baada ya muda, ikageuka msasa. Plasta iliyobandikwa haraka bila kuhakikisha kope zimekutana inaficha jicho lililo wazi, kila mtu akipita anadhani limefumba. Nimeshalibandua la namna hiyo. Chuoni tulifundishwa kusafisha jicho la mgonjwa kutoka pembe ya ndani kwenda ya nje, na mpaka leo nalifanya hivyo kwa uangalifu. Hatukufundishwa kuuliza kama limefumba.

Kuhusu ndugu wa wagonjwa nina jambo. Kuna mama mmoja aliingia saa ya kutazama wagonjwa, binti yake amelazwa kwa kifafa cha mimba, mtoto mchanga yuko salama wodi nyingine. Wiki hiyo ndiyo nilikuwa nimeanza kufumba macho ya wagonjwa kwa plasta, na sikuwa nimezungumza na familia. Mama alipoona kope za mwanawe zimebandikwa alipiga ukelele uliosikika hadi mapokezi. Kwao, na kwa kweli kwetu sote, anayefumbwa macho na mtu mwingine ni marehemu. Nilimshika mkono, nikabandua plasta polepole, nikamwonyesha ule upenyo mdogo kati ya kope, nikamweleza. Akanyamaza. Kesho yake alikuja mapema, na kabla hajaniamkia aliniuliza, "Mwanangu, umemfumba macho?" Tangu siku hiyo sijawahi kubandika plasta kabla ya kumwambia mwenye mgonjwa. Na nimejifunza kwamba ndugu wakielezwa wanakuwa walinzi wazuri kuliko sisi, maana wao wanamtazama usoni. Sisi tunatazama mashine.

Najua mtaniambia habari ya upungufu wa watumishi. Ni kweli. Kuna usiku nimekuwa peke yangu na vitanda vinne, mashine tatu zinapiga kelele kwa pamoja, na mgonjwa wa nne ndio kwanza anapandishwa kutoka chumba cha upasuaji. Usiku kama huo sidhani mtu yeyote anakumbuka jicho. Lakini hata usiku huo nilijaza mapigo ya moyo, presha, joto, mkojo, oksijeni, na mboni. Nilijaza kwa sababu mstari ulikuwapo, na kisanduku kitupu kinamhukumu mtu asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu. Kilichoandikwa kwenye chati ndicho kinachofanyika. Ambacho hakimo kinategemea moyo wa mtu, na moyo saa 10 za alfajiri umechoka.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni hilo: chati ya ICU ya Taifa iwe na mstari wa jicho. Kulia na kushoto, kila baada ya saa 4, limefumba au weupe unaonekana au kioo kinaonekana, na limepakwa mafuta au la. Liwe jambo la kukabidhiana zamu kama tunavyokabidhiana mkojo na dripu. Daktari wa raundi aliulizie kwa sauti.

La pili ni kwa Bohari ya Dawa na kwa kamati zinazopanga orodha ya dawa muhimu: mafuta ya kulainisha macho yahesabiwe kuwa kifaa cha mashine ya kupumulia, kama mpira wa hewa ulivyo. Hatuagizi mashine bila mipira yake. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 umetusaidia kujenga vyumba vya wagonjwa mahututi hata mikoani, na nashukuru kwa dhati, kwa sababu namkumbuka mgonjwa aliyefia njiani kwa kukosa kitanda cha namna hiyo. Lakini kila mashine inayoongezwa inaongeza macho mawili yasiyoweza kujifumba.

Jingine ni la mafunzo na halihitaji warsha ya hotelini. Hospitali nyingi za mikoa zina kitengo cha macho, jengo lilelile au jirani, na mtumishi wa macho anaweza kuja ICU nusu saa na kutuonyesha namna ya kutumia vikaratasi vya fluoresini: unagusisha kikaratasi ndani ya kope ya chini, rangi ya chungwa inasambaa, unamulika mwanga wa bluu, na palipochubuka panang'aa kijani. Ukishaona mara moja hutasahau. Atuachie na namba yake ya simu, na tukubaliane kwamba jicho jekundu lenye usaha au lenye doa jeupe la mgonjwa mahututi ni dharura ya siku hiyohiyo, halingojei kliniki ya Jumanne. Pale hospitali ninapofanya kazi sasa tulifanya hivyo kwa mazungumzo tu ya kwenye korido, bila bajeti yoyote. Tunanyonya makohozi tukisimama ubavuni, macho yamefunikwa. Feni tumeigeuzia miguuni.

Ila mazungumzo ya korido yanahama na watu. Mimi nikihamishwa kesho, sijui kama yatabaki. Hilo ndilo ninyi mnaloweza na mimi siwezi.

Chati zetu zinaletwa kwa bunda. Mstari wa mwisho ni wa mboni, na chini yake kuna nafasi nyeupe, kama sentimita mbili. Kwa mwaka mmoja na zaidi, kila bunda jipya likifika, nakaa nalo mezani na rula na kalamu ya bluu, nachora mstari mmoja zaidi, naandika "JICHO", nagawa kulia na kushoto. Wenzangu wa zamu nyingine wanaujaza. Mwezi uliopita nilikuwa likizo wiki mbili, nikarudi nikakuta bunda limefika na halikuchorwa, na wagonjwa wawili kwenye mashine hawakuwa wameandikwa lolote kuhusu macho. Nimechora tena. Naomba mtuchapishie.

Wenu katika huduma,

Muuguzi, chumba cha wagonjwa mahututi